Manyuali au otomatiki: gari la 4x4 kwa mchanga, tope na miteremko ya Mtwara na Lindi

Anayetafuta gari la 4x4 la kutumia Mtwara na Lindi kwa kawaida huanza na jina: Land Cruiser, Prado, Hilux, Patrol, Pajero. Giaboksi hufikiriwa baadaye, gari likiwa limeshapendwa kwenye picha. Kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani ni otomatiki, watu wengi hujikuta wamechukua otomatiki kwa sababu ndiyo iliyokuwepo sokoni. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi hilo halina neno. Kwa gari litakaloingia mchanga wa Msimbati, likashuka ukingo wa Newala kwenda bonde la Ruvuma na kukutana na njia ya Nachingwea–Liwale mwezi wa pili, giaboksi ina uzito kuliko jina lililoandikwa nyuma ya gari.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Pikapu ya mzigo inayokwenda Liwale, Nanyumbu au vijiji vya ndani vya Tandahimba, chukua manyuali. Gari la familia au la ofisi linalolala Mtwara mjini, Lindi au Masasi na kutoka mara mojamoja, otomatiki inalifaa, na kwenye mchanga itamsaidia dereva kuliko manyuali. Ila otomatiki haivumilii kupuuzwa kwa oili yake, na mwenye tabia ya kusubiri kitu kiharibike ndipo akitazame asiinunue.

Mchanga wa pwani

Gari likiwa kwenye mwendo, matairi hupanda juu ya mchanga. Likipoteza mwendo kidogo tu, yanachimba. Hapa manyuali ina udhaifu wa kimaumbile: kila unapokanyaga klachi kubadili gia, nguvu ya injini haifiki tena kwenye matairi, na mchanga mlaini unalishika gari kama breki. Dereva anatoka gia ya pili kwenda ya tatu katikati ya mchanga mzito, na kabla hajaachia klachi gari limeshasimama. Kisha anafanya kosa la pili, ambalo ndilo la gharama. Anajaribu kuondoka huku klachi nusu imeshika, nusu imeachia, na injini inanguruma. Klachi pleti inasagika kati ya flaiwili na presha pleti, vyuma viwili vinavyoibana, joto linapanda, na dakika chache za mchezo huo zinatosha kuunguza klachi iliyokuwa na miaka ya kuishi. Harufu yake ni kali, inachoma pua. Ukiisikia, acha. Weka nyutro, toa mguu kwenye pedali, shuka na sepetu uondoe mchanga mbele ya matairi yote manne wakati klachi inapoa.

Manyuali inapita mchangani vizuri kabisa ikiwa dereva amechagua gia kabla ya kuingia. Weka 4L, yaani 4x4 ya gia ndogo, yenye nguvu nyingi na mwendo mdogo, ondoka na gia ya pili, ingia ya tatu mapema ungali kwenye ardhi ngumu, kisha usiguse klachi mpaka umetoka upande wa pili.

Otomatiki haina tatizo hilo. Kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya mguu. Kuna toki konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa kutumia oili, na nguvu haikatiki gia zinapobadilika. Dereva anabaki na kazi ya usukani na mafuta tu. Lakini oili hiyo inapokorogwa bila gari kwenda mbio, inachemka. Anayeendesha mchangani kwa 4H, yaani 4x4 ya gia za kawaida, na D kwa nusu saa, mwendo mdogo, mguu mzito, anaipika oili yake. Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka, simama, weka P na uiache injini ingurume taratibu bila kuizima. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukizima, oili ya moto inabaki palepale bila kupita kwenye rejeta. Subiri taa izime. Dawa ya kuzuia ni kutumia 4L mapema na kushusha mkono wa gia kwenye 2 au L, ili giaboksi isiwe inapanda na kushuka gia kila dakika.

Kwa giaboksi zote mbili, upepo wa matairi unafanya kazi kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Tairi la PSI 35 likishushwa hadi 18 linatandazika na kubeba uzito wa gari juu ya eneo kubwa zaidi. Mchanga ukiwa mlaini sana shuka hadi 15, na hapo usikate kona kwa nguvu, tairi litachomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami jaza kwanza, hata kwa pampu ya mguu, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye lami linachemka na kupasuka.

Kushuka kutoka uwanda wa Makonde

Wengi hupima gari kwa namna linavyopanda. Ukingo wa Newala unapima zaidi namna linavyoshuka, na hapa hesabu inasema wazi.

Chukua Suzuki Jimny ya lita 1.5 ya umbo lililotoka 2018, kwa kuwa gari ni lilelile na giaboksi ziko mbili. Ya manyuali ina gia ya kwanza ya uwiano 4.425, gia ndogo ya 4L ni 2.002, na difu ni 4.090. Zidisha zote tatu, unapata 36.2. Maana yake injini inazunguka mara 36 hivi ili tairi lizunguke mara moja. Ya otomatiki ina gia ya kwanza 2.875, 4L ileile 2.002, na difu 4.300, zidisha, unapata 24.8. Kwa matairi ya kiwandani, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, ya manyuali inatambaa kama kilomita 3.6 kwa saa, ya otomatiki kama 5.3. Moja ni hatua za mtu aliyebeba ndoo kichwani, nyingine ni za mtu aliyechelewa.

Kwenye kupanda, otomatiki inafidia pengo hilo, kwa sababu toki konveta huzidisha nguvu ya kuzungusha wakati gari linaanza kuondoka, na inaweza kukaribia mara mbili. Kwenye kushuka haizidishi chochote. Matairi ndiyo yanayoisukuma injini, oili inateleza ndani ya konveta, na gari linaongeza mwendo polepole mpaka dereva anakanyaga breki. Anakanyaga tena. Mteremko ukiwa mrefu na gari lina mzigo, breki zinapata moto, pedali inakuwa ndefu, na breki zinaanza kukosa nguvu mahali ambapo pembeni kuna korongo. Magari mapya yana mfumo wa kompyuta unaoshika breki wenyewe kwenye mteremko, Jimny hiyo ikiwamo, nao unasaidia sana. Lakini breki zinazotumika ni zilezile, na kwa mteremko mrefu wenye mzigo hatuutegemei peke yake.

Mwenye otomatiki asimame juu kabla ya kuanza kushuka, aweke 4L na L, na aanze kwa mwendo wa kutembea. Ukisubiri mpaka gari limeshika kasi ndipo ushushe gia, umechelewa. Na giaboksi yoyote uliyo nayo, usishuke kwa nyutro kwa nia ya kuokoa dizeli.

Jambo jingine la mlimani ni injini kuzima katikati ya mpando. Hapa manyuali inampa dereva utulivu. Kanyaga breki, bila haraka. Ingiza rivasi ukiwa kwenye 4L, achia klachi, kisha breki, gari linakaa limeshikwa na injini yenyewe. Washa ufunguo hivyohivyo bila kukanyaga klachi: stata italisogeza gari nyuma, injini itawaka, na utashuka kinyumenyume kwa mwendo wa konokono, usukani umenyooka. Kwa matoleo mapya yasiyowaka bila kukanyaga klachi, tafuta kama kuna kitufe cha kuondoa kizuizi hicho, na ukijue kilipo kabla ya siku hiyo. Otomatiki haizimi ovyo, na hiyo ni sifa yake kubwa kwa dereva mgeni. Ikizima, lakini, hakuna gia inayolishika gari isipokuwa P, na breki zina msaada wa mikanyago miwili au mitatu tu kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo mkanyago uwe mmoja, imara, hendibreki juu, P, kisha uwashe.

Tope

Mvua za kusini ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mwanzo wake unagongana na mwisho wa msimu wa korosho, pikapu zikiwa bado zinabeba magunia kwenda maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Kwenye udongo mweusi unaonata, otomatiki inaondoka kwa ulaini na matairi hayashtuki. Prado na Surf nyingi za otomatiki zina kitufe cha 2ND. Ukikibonyeza gari linaondoka kwa gia ya pili, na tairi haliteleziki kirahisi. Mwenye manyuali anapata matokeo hayohayo kwa kuondoka na gia ya pili kwenye 4L.

Tofauti inakuja ukishanasa. Kujitikisa mbele na nyuma, gia ya kwanza na rivasi, ni kazi ya manyuali. Inafanyika haraka na klachi haiumii sana ikiwa unaikanyaga mpaka chini na kuiachia yote. Ukifanya hivyo na otomatiki, D na R huku matairi bado yanazunguka, unavunja klachi ndogondogo zilizomo ndani ya giaboksi. Acha matairi yasimame kabisa kila unapobadili, na ukijaribu mara tano bila mafanikio chukua sepetu na matawi.

Maji

Kwenye kijito, mwenye manyuali akumbuke jambo moja: usikanyage klachi ukiwa ndani ya maji. Maji yanaingia kati ya klachi pleti na flaiwili, na klachi inateleza hapohapo. Chagua gia ya kwanza au ya pili ya 4L ukiwa nchi kavu, nenda mfululizo mpaka ng'ambo. Mwenye otomatiki hana hofu hiyo ya palepale, ila ana kubwa zaidi inayokuja baada ya siku kadhaa. Giaboksi ya moto ikizamishwa kwenye maji ya baridi, hewa ndani inajikunyata na kuvuta maji kupitia bomba la kupumulia. Kwenye manyuali, maji kidogo yanageuza oili kuwa kama chai ya maziwa. Unaimwaga, unaweka nyingine, na ukiwahi hakuna kilichoharibika. Kwenye otomatiki oili nyekundu inageuka waridi, na maji yanabandua utando wa klachi za ndani uliogandishwa kwa gundi. Kumwaga oili pekee kwa kawaida hakutoshi tena.

Rangi hiyo ya waridi inaweza pia kutokea bila kuvuka mto. Magari mengi hupoozea oili ya otomatiki ndani ya rejeta ya injini, na rejeta ikitoboka kwa ndani maji yake yanachanganyika na oili. Rejeta ya zamani kwenye gari la otomatiki ibadilishwe kabla haijavuja. Wakati huohuo gari lifungiwe rejeta ndogo ya oili mbele yake, na bomba la kupumulia lirefushwe hadi juu karibu na boneti. Gharama ya kazi hizo mbili ni ndogo ukilinganisha na giaboksi, na kwa gari la otomatiki la huku tunazihesabu kuwa sehemu ya bei ya kulinunua.

Litakapoharibikia mbali

Hapa ndipo tunapolipa jambo hili uzito kuliko mengine yote. Manyuali inapochoka inatoa taarifa: klachi inashika juu zaidi, injini inapanda mizunguko lakini gari haliongezi mwendo, kupanda kunaanza kukataa. Una wiki kadhaa za kujipanga. Kazi yenyewe mafundi wa Masasi, Nachingwea au Mtwara wanaijua: kutoa propela shafti ya mbele na ya nyuma, kushusha giaboksi pamoja na transifa yake, inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, kufungua presha pleti. Siku moja ya kazi. Ikishashushwa, usibadilishe klachi pleti peke yake. Weka na presha pleti mpya, beringi ya klachi, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Flaiwili ikiwa na alama za bluu za joto isuguliwe mashineni. Na oili sili ya nyuma ya injini itazamwe, kwa sababu ikivuja italowesha klachi mpya na utashusha giaboksi mara ya pili.

Hata pedali ya klachi ikianguka chini ghafla kwa kuvuja masta au silenda ya chini, gari linaweza kufika. Tembea na kichupa cha mafuta ya breki ya DOT 3. Kikiisha, zima injini, ingiza gia ya kwanza kwenye 4L, washa ikiwa ndani ya gia, gari litaondoka na stata. Betri ikifa, watu wanne na gia ya pili vinatosha kuliwasha kwa kusukuma. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata wakija kijiji kizima. Mwenye otomatiki abebe waya za kuchukulia moto na, safari ikiwa ya Liwale, betri isiyo na mashaka.

Giaboksi ya otomatiki ikigoma, fundi wa kawaida anaweza kubadilisha oili, chujio na sensa, lakini kuifungua na kuisuka upya ni kazi ya watu wachache, na wengi wao wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Barabara yenyewe nayo ina siku zake: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, ilikatika eneo la Somanga, na mwenye kusubiri spea alisubiri. Kulivuta gari pia ni suala. Otomatiki haivutwi umbali mrefu matairi yanayoendesha yakiwa chini, kwa kuwa injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki na sehemu za ndani hazipati oili. Kama mkono wa transifa una N, weka hapo. Kama hauna, fungua propela shafti au tafuta gari la kubebea.

Ukienda kununua

Manyuali: vuta hendibreki, ingiza gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi taratibu. Injini lazima izime. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha. Sikiliza pia kelele. Inayotokea ukikanyaga pedali ni ya beringi ya klachi, inayopotea ukikanyaga ni ya beringi iliyo ndani ya giaboksi, na hiyo ya pili ni ghali zaidi.

Otomatiki: injini ikiwa ya moto, mguu kwenye breki, toka N kwenda D na uhesabu. Gari linapaswa kushika ndani ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R ndani ya sekunde 1.5. Likichelewa na kisha kugonga kwa kishindo, ondoka. Kama lina kijiti cha kupimia, pima injini ikiwaka, gari likiwa P, baada ya kupitisha mkono wa gia sehemu zote. Oili nyekundu ni njema, ya kahawia yenye harufu ya kuungua si njema. Matoleo mengi ya baadaye, Prado za giaboksi ya gia tano zikiwamo, hayana kijiti. Kipimo ni nati ya pembeni ya chini, inayofunguliwa gari likiwa sawasawa na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa. Muuzaji akisema oili hiyo haibadilishwi maisha yote, usimfuate. Kwa matumizi ya mchanga na milima badilisha kila kilomita 40,000, na ujue kwamba kumwaga mara moja hakutoi yote: sehemu kubwa inabaki kwenye konveta. Mwaga, jaza, endesha kidogo, rudia mara tatu. Kwenye sumaku za trei ya oili iliyo chini ya giaboksi, uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni taarifa ya msiba.

Usikubali oili yoyote nyekundu dukani kwa kuwa tu ni nyekundu. Toyota za zamani zinatumia Dexron au T-IV, za baadaye WS, na hazichanganywi.

Fikiria pia nani ataendesha. Gari la madereva wengi linaua klachi, hasa akiwepo mmoja mwenye kupumzisha mguu juu ya pedali. Beringi inazunguka safari nzima na kukauka grisi. Kwa gari la aina hiyo otomatiki inaweza kuwa nafuu pamoja na kasoro zake zote. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ ziliwekewa manyuali, na ndiyo maana ziko kila hospitali na kila mradi. Tangu 2023 Toyota inautoa mfululizo huo pia na dizeli ya lita 2.8 yenye otomatiki ya gia sita, kwa hiyo chaguo hili sasa lipo hata kwa mwenye kuagiza jipya.

Lolote utakalochukua, kabla ya kuondoka tafuta kibati cha gari kwenye eneo la injini au ukingo wa mlango. Kwenye Toyota, mbele ya maneno TRANS/AXLE kuna herufi na namba za giaboksi na difu. Kipige picha. Siku ya kuagiza klachi, chujio au giaboksi nzima kutoka Dar es Salaam, namba hizo ndizo zitakazozuia upelekewe spea ya gari jingine kwa basi la usiku.